Mwamba wa Bwana Harusi

Shemeji yangu aligonga mwamba mara moja tu maishani mwake, na kwa bahati mbaya siku hiyo alikuwa amevaa suti.

Alikuwa anakuja kumwoa dada yangu. Sisi upande wa bibi harusi tulikuwa ukumbini, tumekalia viti vya kukodi tangu saa nne asubuhi. Yeye alitakiwa afike saa tano, akitokea kwa mashua kijiji cha upande wa nyuma wa kisiwa, upande ambao bahari haijawahi kumwonea mtu haya. Njia ya kawaida ni kuzunguka nje, mbali na magenge ya mawe ya pwani, mwendo wa saa moja na nusu. Lakini alikuwa amechelewa kuondoka, kwa hiyo akaamua kukata ndani, katikati ya genge na genge, huku maji yanakupwa. Alitokea ukumbini saa saba na nusu kwa miguu, suruali imelowa hadi kiunoni, kiatu kimoja, na ua la kifuani limeng'ang'aniwa na mwani. Dada yangu akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ule mguu usio na kiatu, akasema, "Ungechelewa kidogo zaidi ungenikuta na watoto."

Wakaoana. Mashua iliokotwa vipande. Na ule mwamba ukapata jina.

Hapa lazima nieleze, maana mtu wa bara hatanielewa. Upande wa nyuma wa kisiwa chetu una miamba arobaini na moja yenye majina, na hakuna hata mmoja uliopewa jina na mkubwa yeyote. Mwamba unaitwa kwa jina la aliyeugonga. Kuna Mwamba wa Mwalimu Mkuu, ambaye alistaafu Ijumaa, akanunua mashua Jumamosi, akaugonga Jumapili. Kuna Mwamba wa Mama Mkwe, mwanamke aliyemnyang'anya mkwewe usukani ili amfundishe kazi, akatufundisha sote. Kuna Meno ya Daktari, miamba miwili iliyokaa pamoja: daktari aligonga wa kwanza, akarudi nyuma kwa adabu, akagonga wa pili. Ukigonga ni wako, na utabaki wako mpaka atokee mwingine augonge. Hapo wewe unafutwa na yeye anaandikwa, na siku hiyo una haki ya kumnunulia soda.

Wageni hudhani tunafanya hivyo kwa kuchekana. Tunachekana, ndiyo. Lakini mwambie mtu anayejifunza kazi kwamba mahali fulani kuna mwamba, kesho amesahau. Mwambie kwamba mwalimu mkuu mzima, mwenye miwani na cheti, alipigwa na jua la asubuhi machoni akapanda juu ya jiwe kama kuku anayetaka kutaga. Huyo hatasahau mpaka anaingia kaburini. Mimi ni mtu wa biashara na napenda kitu kinachofanya kazi bila kununuliwa. Jina la aibu ni taa isiyokula mafuta.

Shida ni kwamba mwenye jina naye anaishi. Tangu siku ile, miaka thelathini na moja, shemeji yangu anaitwa Bwana Harusi. Si Bwana Harusi wa utani, wa siku mbili tatu. Ndilo jina. La kwake la kuzaliwa lilipotea pamoja na kile kiatu. Ana mvi, ana wajukuu watatu, na bado ni Bwana Harusi. Aliwahi kwenda zahanati na mkojo wake kwenye chupa, muuguzi akafungua mlango akaita kwa sauti, "Bwana Harusi, ingia!" Benchi zima likageuka kutazama huyo bwana harusi, likaona babu na chupa. Siku anamwoza mwanawe, mshereheshaji alisema bwana harusi asimame, wakasimama wawili. Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamfika kidevuni.

Na huyu ndiye nahodha bora kuliko wote gatini. Sisemi kwa undugu. Undugu ningeupeleka kwenye chakula, si kwenye mashua yangu. Nilianza maisha kwa kuuza misumari na boliti nilizochomoa kwenye vyombo vilivyokufa, ndiyo maana wananiita Mama Vyuma, na nilipopata mashua ya kwanza niliwapima manahodha wote kama ninavyopima mashine iliyotumika: nasikiliza, natingisha, naangalia inavuja wapi. Wengine walikuwa na maneno mazuri. Huyu alikuwa na woga mzuri. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Anaendesha mguu mmoja peku, kwa sababu anasema mashua huzungumza na nyayo. Akiona maji yamebadilika rangi kidogo tu, kama chai iliyotiwa tone la maziwa, keshapunguza mwendo kabla wewe hujajua unatazama nini. Na usukani hampi mtu. Mwaka ule aliposhikwa na homa kali aliendesha amelala chali, anatazama mawingu, mimi namwambia kilicho mbele. Wanawe wawili walijifunza kazi kwenye mashua za watu.

Basi akaja mpimaji.

Alikuwa mwembamba, ana kofia yenye kitambaa kinachofunika shingo, na masanduku manne yasiyoingia maji. Alitoka ofisi ya ramani, kuja kupima pwani ya upande wa nyuma, kwa maji na kwa miguu. Akaingia dukani kwangu, akakaa juu ya pipa.

"Mama, nahitaji mashua kwa siku nne."

"Unapata. Unataka na kurudi?"

"Kurudi kwani ni tofauti?"

"Anayechukua mashua bila nahodha huwa anakwenda tu."

Akacheka, akadhani natania. Tukavutana mpaka chai ikapoa. Yeye anasema serikali, mimi nasema mbao. Mwisho akakubali kwamba nahodha ni wangu, mimi mwenyewe nimo, na kila mkwaruzo utakaopatikana chini ya mashua ni mali ya ofisi yake. Akatoa karatasi ili aonyeshe na yeye ana masharti.

"Tunaandika majina yanayotumiwa na wenyeji. Nahodha atatutajia, mimi naandika."

Bwana Harusi alikuwa kwenye kona, anasugua plagi ya mashine kwa msasa. Msasa ukasimama.

"Majina yote?"

"Inategemea hatari, mzee. Kuna madaraja matatu. La kwanza ni mchanga, tope, kitu ambacho ukikigusa unasukuma unaendelea. Hicho hatukiandiki jina, tunaweka nukta. La pili tunaandika kwa herufi ndogo. La tatu ni mwamba unaoweza kuzamisha chombo. Hapo tunaweka herufi nzito, nyeusi, mtu asome hata mashua ikiwa inarukaruka."

"Na ramani yenyewe inakaa muda gani?"

"Tunayotumia sasa ina miaka tisini na miwili."

Msasa haukuendelea tena siku hiyo.

Jioni nikawakuta kwao. Dada yangu alikuwa uani anachambua mchele, na mumewe anazunguka uani kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi.

"Miaka tisini na miwili!" anasema. "Nitakuwa nimekufa, nimeoza, nimekuwa udongo, na mtu ambaye hata sijamwona atafungua karatasi ananisoma!"

"Kwani ni uongo?" dada akauliza. "Hukugonga?"

"Niligonga mara moja!"

"Na mimi uliniona mara moja ukaleta posa. Mara moja inatosha kwa mambo mengi."

"Shemeji," akanigeukia mimi, "wewe ndiye mwenye akili za mjini. Niambie la kufanya."

"La kufanya unalijua. Augonge mwingine, wewe utoke."

"Nani ataugonga? Kila mtu anajua ulipo!"

"Basi hiyo ndiyo kazi ya jina lako," nikamwambia. "Lingekuwa jina baya, wangekwisha kuugonga kumi."

Hakucheka. Mambo yakiwa ya herufi nyeusi mtu hachekeshwi kirahisi. Alichokitaka kilikuwa kimoja tu, na alikitaka kama mtu anavyotaka maji: asiingie kwenye ile karatasi.

Siku ya kwanza tulikwenda kwa mashua. Mpimaji alikaa katikati na kisanduku chenye kioo kinachochora sakafu ya bahari kwa mstari, nahodha nyuma na mguu wake peku, na mimi mbele kabisa, kwa sababu mashua ni yangu na macho ni yangu. Upande wa nyuma si mahali pa kupiga picha ya kalenda. Magenge yamesimama wima, meusi, yameliwa chini na mawimbi mpaka yanafanana na meno ya mtu anayeogopa daktari. Kila baada ya mwendo mfupi kuna hori, yaani ghuba ndogo, linaloingia ndani kwa kishindo na kutoka mikono mitupu. Kuna tundu moja ambalo bahari huingia kwa chini na kupiga chafya kwa juu. Mpimaji alilipiga picha, likampigia chafya yeye na kamera.

"Huu hapa?" anauliza.

"Mwamba wa Mama Mkwe. Daraja la pili. Wewe pita kushoto, yeye alipita kulia."

"Mama mkwe wa nani?"

"Wa mwanamume aliyenyamaza."

Mpimaji akacheka mpaka kalamu ikaanguka. Tukaenda hivyo mwamba kwa mwamba, na sijawahi kumwona shemeji yangu mkarimu namna ile. Aliwataja wenzake wote. Nani alilala, nani alikuwa anagombana na mkewe kwa simu, nani alisimama kukojoa upande wa upepo akaachia usukani. Kufika saa tisa tulikuwa na majina ishirini na tisa, na la kwake halijaonekana, kwa sababu njia ya ndani tuliiacha ya mwisho. Yeye ndiye aliyepanga iwe ya mwisho.

Siku ya pili ilikuwa ya miguu. Tulitia nanga horini tukapanda juu ya genge, maana kuna sehemu ambazo mashua haisogei na lazima mtu apime akiwa amelala kifudifudi ukingoni, kamba mkononi, roho mkononi. Jiwe la kule ni visu vilivyosimamishwa. Mpimaji alikuwa amevaa buti mpya za kitambaa. Asubuhi nilimwonyesha viatu vya tairi, ninavyouza mwenyewe, akaviangalia kama unavyoangalia panya. Saa sita mchana, soli zake zikiwa zinaning'inia kama ulimi wa mbwa, akaniuliza bei tena. Bei ilikuwa imepanda, kwa sababu duka lilikuwa limekwenda mbali.

Na Bwana Harusi, mtu ambaye baharini hupita kama sindano kwenye kitambaa, nchi kavu anatembea kama bata aliyebebeshwa gunia. Anashika kila kichaka. Kichaka kikikatika anakilaumu. Nilikuwa nyuma yake, natafuta hori la kuficha mapipa ya mafuta ya dukani kwangu yasipigwe na mawimbi, na kila mara nasikia mbele yangu, "Ardhi hii haitulii!" Ardhi ilikuwa imetulia kabisa, shida ni miguu.

Tukafika kileleni, mahali pa juu kuliko pote. Maji yalikuwa yamekupwa. Chini yetu ilionekana njia ya ndani nzima, kijani kibichi, imebanwa kati ya magenge mawili, na katikati yake, kama doa la mafuta kwenye shati jipya, palikuwa na kitu cheusi chini ya maji. Hata yakikupwa vipi, ule mwamba hautoki juu. Hujificha kiasi cha urefu wa mkono, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

"Kile ni nini?" mpimaji akauliza.

Bwana Harusi alikuwa amekumbatia kichaka. Hakugeuza hata shingo.

"Mchanga."

"Mbona mweusi?"

"Una mwani juu."

"Hauna jina?"

"Sasa bwana mpimaji, mchanga utapewa jina na nani?"

Mpimaji akaandika nukta. Shemeji akanitupia jicho, jicho la mtu anayeomba kwa kunyamaza. Nami nikanyamaza. Sisemi nilifanya vyema. Nilijiambia uongo wa kwenye karatasi hautoboi mbao, na kwamba mambo ya shemeji ni kama sufuria ya jirani: huifunui mpaka uitwe. Nikainama, nikajifanya natoa kijiwe kwenye kiatu. Kiatu cha tairi hakiingii kijiwe, lakini mpimaji angejuaje.

Bwana Harusi alishuka lile genge anapiga mluzi. Alianguka mara mbili, na mara zote mbili aliinuka anapiga mluzi.

Siku ya tatu tukaingia njia ya ndani kwa mashua. Maji yalikuwa yamekupwa tena, yametulia kama yanasikiliza. Mpimaji akawasha kisanduku.

"Hapa nataka mstari ulionyooka. Katikati kabisa, toka genge hili mpaka lile."

Bwana Harusi akaenda. Ilipokikaribia kile cheusi, mashua ikapinda kidogo, ikapita pembeni, ikarudi katikati. Mpimaji akatazama kioo. Mstari wake ulikuwa na tumbo.

"Turudie, mzee."

Wakarudia. Tumbo tena.

"Mbona unapinda?"

"Mkondo."

"Hakuna mkondo, angalia, kioo kinaonyesha. Na pale si ni mchanga tu? Pita juu yake, nipate kina."

Hapo nikaona uso wa shemeji yangu unafikiri. Ulifikiri polepole, kama mlango mzito unavyofunguka, na mwishowe ukafunguka wote. Akainuka kutoka kwenye usukani.

"Basi shika wewe, bwana mpimaji. Wewe ndiye mwenye kioo."

Mtu aliyeendesha na homa amelala chali, ampe mgeni usukani! Nikafanya hesabu yake, nikaiona nzima. Mashua ikipita salama, ni mchanga, ni nukta, jina limefutika. Mashua ikigonga, aliyegonga ni mpimaji, na kwa desturi zetu zote mwamba unakuwa wa mpimaji, kwa herufi nzito, miaka tisini na miwili. Kote kote yeye anatoka. Wa kupata hasara ni mmoja, naye amekaa mbele.

Tukaanza kwenda. Mpimaji ameshika usukani kwa mkono mmoja, macho kwenye kioo, anaenda mstari kama rula. Bwana Harusi alikaa karibu naye kwenye ubao, amenyooka, anatazama ndege. Nikamwona ameweka mkono wa kulia chini ya paja.

"Shemeji, mbona umeukalia mkono?"

"Unauma."

"Umeanza lini kuuma?"

"Sasa hivi."

Akaukalia vizuri zaidi, kama mtu anayekalia kifuniko cha sanduku lililojaa. Jasho linamtoka, na palikuwa na upepo. Unyayo wake peku juu ya mbao ulikuwa unachezacheza peke yake. Hatua thelathini. Hatua ishirini. Mbele yangu maji yakaanza kukunjika, kidogo tu, kama kitambaa kilichopigwa pasi vibaya. Nikafungua mdomo nipige kelele ambayo ingesikika mpaka gatini.

Sauti haikuwahi kutoka. Mkono wa kulia wa shemeji ulikuwa umefungiwa vizuri kabisa, lakini alisahau kwamba ana wa kushoto. Ule wa kushoto haukumwuliza. Uliruka, ukamsukuma mpimaji kifuani, ukakamata usukani, ukauvuta wote. Mashua ikalala ubavu. Mpimaji akaketi ndani ya katoni la biskuti. Mimi nikakumbatia nanga kama mtoto wangu wa kumzaa. Na pembeni yetu, karibu kiasi kwamba ningeweza kuugusa kwa kasia, ukapita ule mwamba chini ya maji, mpana kama meza ya watu sita, mweusi, umetulia, hauna haraka na mtu.

Bwana Harusi akazima mashine. Biskuti zikazidi kuvunjika, mpimaji akijaribu kuinuka.

"Ulisema ni mchanga," mpimaji akasema.

"Nilisema."

"Ule ni mchanga ule?"

"Ule si mchanga," akasema shemeji yangu. "Ule ni mimi."

Akamweleza yote. Ukumbi, kukata ndani, maji kukupwa, kutembea juu ya magenge na kiatu kimoja huku anafanya mazoezi ya kusema samahani. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisimulia mwenyewe. Siku zote tulimsimulia sisi, akiwa amekaa hapohapo. Mpimaji hakucheka. Hilo nadhani lilimuudhi Bwana Harusi kuliko chochote: kitu kimekutesa miaka thelathini na moja, halafu unakutana na mtu ambaye hakimchekeshi.

"Ungeniacha nigonge," mpimaji akasema, polepole, kama mtu anayehesabu ngazi alizoangukia. "Ungekuwa wangu."

"Ndiyo mpango ulivyokuwa."

"Sasa imekuwaje?"

Shemeji akautazama mkono wake wa kushoto kama unavyomtazama mtoto aliyekujibu vibaya mbele ya wageni.

"Muulize huyu," akasema.

Mpimaji akachukua karatasi, akafuta makombo, akakata ile nukta ya jana. "Daraja?"

Hapo bado alikuwa na nafasi. Angesema la pili, wangeandika herufi za kutafuta kwa miwani. Nilimwona anaifikiria. Hata mimi ningeifikiria.

"Mimi niliugonga mchana kweupe," akasema, "nimezaliwa nyuma ya hilo genge pale, na sijanywa kitu. Mgeni je? Andika la tatu."

"Herufi nzito, mzee."

"Nimesikia mara ya kwanza. Andika, na upande wa kupita ni wa nje. Usiandike ndani. Ndani nimeshapita mimi."

Mpimaji akaandika. Halafu akauliza jina lake la kwenye kitambulisho, kwa sababu pembeni mwa ramani huwekwa jina la nahodha aliyeongoza upimaji. Shemeji akalitaja, herufi kwa herufi, kwa sauti ya chini. Hata mimi nililisikia kama jina la mtu anayesomewa salamu redioni. Mashua haikuwa na mkwaruzo, kwa hiyo ofisi ya ramani haikupata mali yoyote kwangu. Nililipisha biskuti tu.

Ramani ilikuja baada ya miezi minane. Domo, muuza tiketi wa gatini, aliibandika kwenye ukuta wa kibanda chake, na siku hiyo hakuna mashua iliyoondoka kwa wakati. Kila mmoja alitafuta aibu yake. Mwalimu Mkuu alimleta mkewe, wakapigwa picha, yeye ameweka kidole juu ya mwamba wake. Mama Mkwe alitaka kujua kwa nini herufi zake ni ndogo. Na pale katikati ya njia ya ndani, nyeusi, nene, ya kusomeka hata ukiwa ng'ambo ya barabara: Mwamba wa Bwana Harusi.

Mwenyewe alikuja mwisho. Akaisoma mikono nyuma. Watu wakangoja kumcheka, lakini kicheko hakikupata nafasi, maana Domo alikuwa ameshuka na kidole mpaka kwenye kona ya chini.

"Hebu ngoja. 'Nahodha aliyeongoza.' Huyu ni nani?"

Wakasogea. Wakasoma jina. Hakuna aliyelijua.

"Mtu wa ofisi," mmoja akasema.

"Mpwa wa mkubwa fulani. Hajawahi hata kulowa."

"Kazi yote kafanya Bwana Harusi, siku nne, sifa kachukua mwingine!"

Hasira iliyowapata ingetosha kuvunja gati. Kabla sijafunga mwavuli walikuwa wameshachagua mwenyekiti na katibu, na Domo anaandika barua nyuma ya kitabu cha tiketi: sisi manahodha tunataka jina la huyu mgeni lifutwe mara moja na liwekwe la mwenzetu.

"Ni mimi," Bwana Harusi akasema.

"Ndiyo, ni wewe uliyefanya kazi, tunaandika hapa."

"Hilo jina. Ni langu."

Domo akaweka kalamu chini, akamtazama kwa huruma. "Bwana Harusi, uchungu wako tunaujua. Lakini usianze kudai vitu vya watu."

"Shemeji, waambie!"

"Mimi niko kwenye biashara zangu," nikasema. Nilitaka kuona itafika wapi.

Domo akampigia dada yangu simu, akaweka sauti kubwa ili ushahidi usikike na wote. "Shemeji, habari za nyumbani? Eti mumeo anaitwa nani?"

Sauti ya mfuniko ikasikika ikiwekwa juu ya sufuria. "Kwani kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Jina tu."

"Kama ni polisi, mimi simjui."

Ikabidi Bwana Harusi aende nyumbani kuleta kitambulisho. Kilipita mkono kwa mkono, kikageuzwa, kikanuswa, kikalinganishwa na ukuta. Domo akalisoma jina, akamtazama mwenye jina, akalisoma tena. Akachana ile barua bila furaha, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuandikwa vizuri.

"Jina zuri," akasema. "Sasa kuanzia leo tukuite hilo?"

Shemeji yangu akatazama ile kona ya chini. Halafu akatazama juu, kwenye zile herufi nyeusi. Hapo tayari alikuwa amesimama mtu tusiyemfahamu, nahodha wa chombo kigeni kilichotia nanga asubuhi ile, amezisoma, na sasa anaufuata kwa kidole mstari wa njia inayozunguka kwa nje.

"Waite abiria," akamwambia Domo. "Maji yanakupwa."